Nilipowaomba Watu wa Kwetu Wachangie Chuo Kikuu

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, katika bweni la wasichana la chuo kikuu kule Nairobi, mimi peke yangu ndiye niliyetoka kusini mwa Likoni. Wenzangu walikuwa watu wema, lakini ikifika jioni kila mmoja alimtafuta wa lugha yake, wakazungumza na kucheka. Mimi Kidigo changu kilibaki kifuani, sina wa kumpa. Mwezi wa Ramadhani nilifuturu chumbani kwa tende alizonitumia mama na chai iliyokwisha kupoa.

Upweke huo ndio uliowafaa watu wa ofisini chuo kilipoanza kuomba michango kwa wananchi. Karani mmoja aliniita akasema, "Kwale hatuna mtu mwingine. Ukienda likizo, zungumza na watu wako." Akanipa karatasi iliyotaja mambo matatu: ukumbi mkubwa, vitabu vya maktaba, na mabweni pamoja na karo za watoto wa maskini. Nikamwuliza lipi litatangulia.

"Yote ni muhimu," akanijibu.

Nilidhani nikifika kwetu Kinondo upweke ungenitoka. Lakini wanawake niliotwanga nao mahindi utotoni walisimama nilipoingia. Shangazi yangu, aliyewahi kunichapa kwa kuvunja mtungi, aliniuliza kwa adabu kama bado ninakula muhogo.

"Shangazi, ni mimi," nikamwambia.

"Najua ni wewe, mwanangu. Lakini sasa umekuwa mtu wa serikali."

Nikala muhogo wake nikiwa nimekaa kitini, yeye chini.

Nilizunguka Mwabungo na Ukunda hadi Msambweni. Watu walileta nazi, kuku na vikapu, vikanadiwa papo hapo. Kila mahali niliposimama niliyataja mabweni na karo kwanza, maktaba pili, na ukumbi nikaupitia juu juu. Hakuna aliyenituma kuyapanga hivyo.

Msambweni mkutano ulifanyika katika darasa la shule. Mama mmoja mjane alikuja mbele akiwa amebeba mkeka wa rangi tatu, ukili wake mwembamba ajabu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mkeka huu nimemshonea binti yangu wa pekee, uwe wake siku ya harusi. Yuko shuleni, na walimu wanasema ana akili. Nikiutoa, atapata kitanda huko uliko?"

Ningaliweza kumwambia sijui. Lakini akilini nilimwona binti huyo amekaa mlango wa pili kutoka kwangu bwenini, tunafuturu pamoja, ananiita dada.

"Atapata, inshallah," nikasema.

Akauweka mkeka mezani. Ulinunuliwa na ofisa mmoja wa wilaya, akaondoka nao garini.

Niliporudi Nairobi, kamati ilituita sote tuliochangisha. Mwenyekiti akatusomea uamuzi: ukumbi utajengwa kwanza, kwa sababu wageni wa nchi za nje wanafika na chuo hakina mahali pa kuwapokea. Karo za maskini zingefuata baadaye, hali ikiruhusu.

Nikasimama. "Mzee, watu wa kwetu niliwaambia mabweni na karo ndizo za kwanza."

"Nani alikuruhusu kuwaahidi?" akauliza, wala hakukasirika.

Nilikaa. Walipokuwa wakiendelea kusema, nilitambua kwamba kule Msambweni sikuwa nimekiombea chuo. Nilikuwa nimejiombea mwenzangu.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta kibarazani akisuka ukili. Nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Aliendelea kusuka.

"Ungaliniambia ni ukumbi," akasema, "ningalitoa kuku."

Kisha akaniletea maji ya kunywa, kama anavyopewa mgeni yeyote. Nilikunywa, nikaaga. Hakunisindikiza.

Ukumbi ulijengwa, na ulikuwa mzuri. Siku ya mahafali yangu mama yangu alikaa ndani yake, akiangalia dari juu huku ameshika buibui lake, akaniuliza ni watu wangapi wanaoufagia. Karo zilikuja baadaye, kidogo kidogo. Binti wa Msambweni hazikumwahi. Alikuwa ameolewa Shimoni na ana mtoto.

Aliyewahi alikuwa msichana wa upande wa Kinango, mtoto wa wafugaji. Aliletwa bwenini na sanduku la bati nilipobakiwa na majuma matatu tu ya kufungasha vitu vyangu. Yeye alisema Kiduruma, mimi Kidigo, tukaelewana bila shida. Usiku wa kwanza tulizungumza mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimwonyesha maktaba, na duka la Mhindi lililouza tende. Juma la tatu lilipokwisha, nikaondoka.

Mwaka mmoja baadaye aliniandikia kwamba wasichana wawili wengine wa Kwale wamefika kwa karo zile zile, na kwamba jioni wanapika pamoja. Barua hiyo niliisoma katika nyumba ya walimu huko bara, nilikopangiwa kazi, nikiwa peke yangu mezani. Nilimjibu siku hiyo hiyo, kurasa nne, zote kwa Kidigo.