Presha ya Paka wa Mama

"Kwani paka naye anashikwa na presha?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amekaa kwenye gunia mlangoni mwa stoo, paka amempakata, akipitisha kidole mbele ya macho yake. Paka hakupepesa. Mboni zilikuwa zimetanuka, nyeusi tupu, ingawa ilikuwa mchana na jua lilikuwa linampiga usoni. Asubuhi ile alikuwa ametoka nje, akagonga ndoo, akagonga mguu wa meza, kisha akasimama katikati ya ua akilia kama mtu anayeita wenyeji wa nyumba asiyoifahamu.

Mimi nilikuwa na shahada ya sayansi. Chuoni nilipasua chura, panya na sungura, nikachora mioyo yao kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikapewa alama nzuri. Sikujua jibu. Nilimwambia mama, "Sijui," halafu nikaingia ndani nikafunga mlango kwa nguvu, maana wakati ule kila kitu kilinikasirisha, na kutojua ndiko kulikonikasirisha kuliko vyote.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Tuliotoka chuo tulizoea kusikia kwamba waliotutangulia walipangiwa kazi kabla hata ya kufua majoho. Sisi tuliambiwa tusubiri, na baadaye hata hilo la kusubiri tukaacha kuambiwa. Nikarudi kwa mama, na mama mwenyewe alikuwa anaishi kwa mdogo wake, mjomba wangu, huko Makambako. Baba alipofariki, mjomba alimtoa mama kijijini karibu na misheni, upande wa Njombe, akamleta mjini amtunzie nyumba na stoo. Mama alikuja na masufuria, rozari na paka wake kwenye tenga. Paka alikuwa mzee tayari. Mama alimwita Bibi.

Mjomba alikuwa ananunua mahindi. Serikali ilikuwa imeacha kuyashika, na malori yake yalikwenda Mawengi, Lugarawa, popote barabara ilipofika, yakarudi yamejaa. Magunia yalilala stoo, na Bibi alilala juu ya magunia. Kwa panya wa Makambako alikuwa polisi, hakimu na gereza. Mjomba hakuwahi kumshukuru, lakini hakuwahi pia kununua sumu ya panya.

Halafu mjomba akanunua mashine ya presha.

Alikuwa amekwenda Dar es Salaam, akaingia hospitali moja ya kulipia, akaambiwa ana presha. Alirudi na vitu viwili. Cha kwanza ni vidonge vidogo vyeupe kwenye karatasi ya fedha, ambavyo aliviweka kando ya redio ili kila mgeni avione. "Hivi si vya zahanati," alikuwa anasema, akimeza kimoja mbele ya watu. Cha pili ni hiyo mashine: mkanda wa kufunga mkononi, mpira wa kuminya, saa yenye mshale, na vile vya kuweka masikioni. Aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika redio.

Kuanzia hapo sebule ilikuwa haikauki watu. Wauza mbao, madereva, wenye maduka, hata katekista. Wanaingia na baridi yao, wanasalimia kwa kamwene, wanaulizana habari za nyumbani, za mashamba na za barabara, wanakunywa chai, kisha mmoja ananyoosha mkono. Ni mkono gani huo? Mkono wenye sweta. Juu ya sweta koti. Mwezi wa saba Makambako upepo unakata masikio. Hakuna mtu mwenye akili anayevua nguo kwenye sebule ya watu. Mjomba alifunga mkanda juu ya yote hayo, akaminya, mshale ukapanda, akatikisa kichwa kama daktari bingwa.

"Una presha, bwana."

Kila mtu alikuwa na presha. Mji mzima uliacha chumvi. Wengine walipewa nusu ya vidonge vya mwenzao, wakapata kizunguzungu, wakaambiwa hiyo sasa ni presha ya kushuka.

"Mjomba, mwambie avue sweta," nilisema siku moja, nikiwa nimeshika birika.

"Avue? Na baridi hii? Nimpime presha au nimpe nimonia?"

Wakacheka.

"Lakini humpimi yeye. Unapima sweta."

"Sweta haina moyo, mpwa wangu. Mimina chai."

Ningeweza kumimina chai nikanyamaza kama mama naye asingekuwa amepimwa. Alipimwa juu ya sweta mbili na kitenge, akaambiwa ana presha kubwa, na mwanamke aliyekuwa analima bustani yake mwenyewe akaanza kutembea ameshika ukuta. Niliichukua mashine nikasoma karatasi yake, ambayo mjomba hakuwa ameifungua. Nikamwingiza mama chumbani, nikafunga mlango, nikamvua zile sweta, nikamwacha akae kimya hadi pumzi ikatulia. Nikampima. Hakuwa na presha yoyote. Nikampima kesho yake. Hakuwa nayo.

Nilitoka nikasema sebuleni, mbele ya wageni. Mjomba alitabasamu, lakini tangu siku ile wageni walianza kukunja mikono ya sweta wenyewe kabla hajawagusa, na wengi waligundulika wazima. Nadhani hakuna kitu kilichomuuma kama uzima wa watu wale.

Ndipo Bibi akapofuka.

Kila mtu alikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa lile lile: ametupiwa kitu. Mfanyabiashara mwenzake na mjomba amelipofusha jicho la stoo ili mahindi yaishe. Watu waliokwenda shule, watu waliokuwa wanapiga simu Dar kuulizia bei, walikaa wakasema hayo bila kuona haya. Mama peke yake ndiye hakukubali. Kijijini kwetu kulikuwa na mzee aliyeamka haoni, akapelekwa hospitali ya Ikonda, akaambiwa ni presha imeharibu macho. Swali lake lilitoka hapo tu.

Mjomba alinitazama mimi alipotoa hukumu.

"Kama ni ugonjwa, nionyeshe ugonjwa, wewe si msomi? Kama ni mkono wa mtu, hatalala kwangu. Lori la Ludewa likiondoka, ataondoka nalo."

Hivyo ndivyo paka wasiotakiwa wanavyoondolewa kwetu: gunia, lori, na kutupwa mbali wasijue njia ya kurudi. Ila huyu hata njia ya kwenda chooni alikuwa haijui.

Nilikwenda Njombe kumwuliza bwana mifugo. Nusu ya ofisi yake ilikuwa ya serikali, rafu tupu. Nusu nyingine ilikuwa duka lake mwenyewe la dawa za kuku.

"Paka," alirudia. "Presha." Aliweka kalamu chini ili acheke vizuri. "Dada, josho limekauka, ng'ombe wanakufa kwa kupe, wewe unaniletea paka mwenye mawazo?"

"Nimeuliza kama inawezekana tu."

"Labda anadaiwa."

Nikatoka. Nilisoma na msichana mmoja ambaye sasa alikuwa muuguzi huko huko Njombe, kwenye wodi ya watoto. Yeye pia alicheka, lakini alicheka huku akifungua kabati. Alinipa mkanda mdogo wa watoto wachanga, wake mwenyewe. "Ukirudi umetobolewa kwa kucha," alisema, "nitakufunga wewe shingoni."

Nilifanya kazi ile kama vile chuo kizima kinanitazama. Nilifunga mlango wa jikoni. Mama alikaa karibu na jiko la mkaa, Bibi mapajani, akimkuna nyuma ya sikio hadi akakoroma. Nilifunga mkanda juu ya mguu wa mbele, nikauunganisha na mashine ya mjomba. Masikioni sikusikia kitu, mchakacho wa manyoya basi. Ikabidi niache kusikiliza nitumie macho: minya, achia hewa polepole, tazama mshale unaanza kutetemeka wapi. Mshale wa Bibi ulitetemeka juu, juu kabisa. Nikafungua, nikamwacha apumzike, nikarudia. Juu. Asubuhi, saa ile ile, mapaja yale yale, jiko lile lile. Juu.

Lakini juu kuliko nini? Sikuwa najua presha ya paka mzima ni ipi. Nikahitaji paka wa pili.

Jirani yetu, mke wa mwenye malori aliyehamia kutoka Tanga, alikuwa na paka aliyekula samaki kabla ya watoto wake. Alimleta mwenyewe, amemviringisha kwenye kanga.

"Bismillahi. Usimuumize, huyu ni mwanangu wa mwisho."

"Mama, usicheke, atashtuka," nilimwambia mama yangu.

"Sicheki, mwanangu. Naogopa."

Mshale wa paka wake ulipita kule juu kimya, ukashuka, ukashuka, ndipo ukaanza kutetemeka. Tukarudia. Vile vile. Tukampima Bibi tena hapo hapo. Juu.

"Wenu yuko mlimani," jirani alisema, "wangu yuko bondeni." Akambusu paka wake kichwani akaondoka.

Nilifurahi kama mjinga. Niliingia sebuleni jioni ile nimempakata Bibi, mashine mkononi. Mjomba alikuwa na wageni.

"Mjomba, ni ugonjwa. Ana presha. Nimempima."

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akawageukia wenzake.

"Msomi wangu amempima paka. Sasa, mpwa wangu, hebu niambie. Ulimvua sweta?"

Sebule ilipasuka. Mmoja alipaliwa na chai. Mwingine alipiga goti lake akisema, "Mvue! Mvue atakufa joto!"

"Wa jirani naye ana manyoya," nilisema. "Nimewapima wote wawili, wote wana manyoya, na huyu..."

Hakuna aliyenisikia. Hoja yangu ilikuwa sahihi. Najua leo kuwa ilikuwa sahihi. Lakini hoja haina sauti mbele ya watu wanaocheka. Mjomba alimchukua Bibi mikononi mwangu, akamzungushia tumboni mkanda wa watu wazima, akaminya. Bibi alipiga ukelele, akakojoa juu ya kitambaa cha kufuma. Mjomba akainua mikono. "Haya. Presha imetoka."

Mama alisimama, akamfungua paka wake, akaenda naye jikoni. Mjomba akanawa mikono, akachukua kidonge chake kando ya redio, akameza kwa chai yake, akaendelea na habari za mahindi.

Kesho yake nilikwenda Njombe kurudisha mkanda. Muuguzi alikuwa anauhitaji. Niliporudi, mama alikuwa mlangoni mwa stoo, amejikunyata kwenye kitenge chepesi, midomo imekauka kwa upepo.

"Sweta yako iko wapi?"

"Nimemwekea kwenye gunia," alisema. "Kule Ludewa kuna baridi."

Nilimkuta mjomba anahesabu magunia.

"Mjomba, paka yuko wapi?"

"Safarini."

"Ulisema nikuonyeshe ugonjwa. Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha mshale. Hata mimi nina mshale, na ulisema unadanganya." Hakupandisha sauti. "Ulitaka watu wasiamini mashine yangu. Wameacha kuiamini. Sasa unataka waiamini kwa paka?"

Nimelitafuna jibu hilo miaka yote hii, na bado linanitia hasira, kwa sababu kwa nje linafanana na hoja. Mashine haikudanganya. Mkono uliofungwa juu ya koti ndio ulidanganya. Tofauti hiyo mtoto wa darasa la saba angeielewa, na mjomba alikuwa mwerevu kuliko mtoto wa darasa la saba, aliielewa. Aliielewa, na akamfunga paka mzee kipofu kwenye gunia ili nijue nyumba ile ni ya nani. Nina hasira na dereva aliyekubali kulibeba. Nina hasira na wageni waliocheka, wale wale niliowaondolea ugonjwa. Nina hasira na chuo kilichonifundisha kumpasua mnyama aliyekufa na hakikunifundisha kumwuliza aliye hai anaumwa wapi.

Mama sina hasira naye. Alikuwa dada mkubwa kwa mdogo wake, anakula kwake, analala kwake. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kuonyesha kwamba anakataa kilikuwa sweta, akakitoa. Mvua za kwanza zilipoanza tulirudi kijijini, mimi na yeye, kwenye nyumba ya baba iliyokuwa inavuja, na hakufuga paka tena.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Dar es Salaam, nilimpeleka paka wa mwenye nyumba wangu kwa daktari wa mifugo. Paka alikuwa mzee, anakunywa maji kupita kiasi. Daktari alimfunga mkanda mdogo mguuni, akamwacha atulie kwanza mapajani mwangu. Nikamwuliza swali la mama. Akajibu bila kuinua kichwa, kama mtu anayetaja siku ya juma: ndiyo, paka wazee hushikwa sana, na ukichelewa wanapofuka ndani ya siku moja, mboni zikatanuka; ukiwahi, wengine huona tena. Kisha akavuta droo kutoa dawa. Karatasi ilikuwa ya fedha, na jina lililoandikwa juu yake nilikuwa nimelisoma kila siku kando ya redio ya mjomba. Vilikuwa vidonge vile vile vidogo vyeupe. Kimoja hukatwa vipande vinne, na paka hupewa kipande kimoja kwa siku.