Mchi wa Bibi na Mnyama wa Jangwani

Juzi, kwenye basi huku ughaibuni, Scarborough, binti yangu alinisogezea simu anionyeshe mnyama mdogo wa jangwani, akasema kwa Kiingereza chake eti anapendeza. Anapendeza! Rafiki yangu, nilimrudishia simu upesi. Mnyama yule namjua tangu utotoni.

Anaishi Australia, mdogo kama panya, mkia umenona mafuta ya akiba. Maji si lazima anywe. Damu ya mawindo inamtosha. Nilimwona kwenye televisheni sebuleni kwetu hukuhuku, ghorofani, bibi akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwenye kinu na jirani wa chini akigonga dari yake kwa ufagio tupunguze kelele.

Mnyama alitoka shimoni mchangani, akamrukia panya, akamponda kichwa, akaanza kumla kuanzia hapohapo kichwani. Tulisikia mifupa. "Mmalize!" bibi alishangilia, maana panya wa jengo letu walikuwa wametuchosha. Kisha tukaona vitoto. Hubebwa mfukoni kama wa kangaruu, ila mfuko wenyewe mkunjo tu wa ngozi. Vimeng'ang'ania matiti, vinaburutwa mchangani. Bibi akaacha kutwanga.

Paka mwitu akatokea. Mama yule alipigana, wee acha tu! Alimng'ata paka pua hadi damu. Lakini kitoto kimoja kilidondoka.

"Kiokote!" bibi alipiga yowe. "Rudi ukiokote!"

Paka akakirarua. Bibi akarusha mchi, televisheni ikapasuka, vioo vikatapakaa mpaka kwenye sombe.

Mimi nililia kwa hofu. Bibi alifungua kitenge, akanifunga mgongoni, mtoto mzima wa shule, viatu vikimgonga mapajani, akazunguka sebuleni akihema hadi baba aliporudi kutoka kiwandani. Baba alipoona vioo alianza kugomba.

"Wewe nilikubeba mgongoni," bibi alimwambia. "Kaka yako nilimshika mkono tu."

Wakati wa vita vya miaka ya sitini kule Kongo, bibi na wanawe walipokuwa wakikimbia, askari walimpokonya mtoto huyo mkubwa wakamuua njiani. Bibi hakuwahi kumtaja kabla ya siku ile. Baba aliketi sakafuni, akalia kwa sauti.

Bibi hayupo tena, na kinu sijui kilitupwa wapi. Wanasema hata wanyama wale wanapungua, paka wanawamaliza. Natamani kusikia tena ule mchi, hata na ufagio wa jirani.

Tulipofika kituo chetu, binti yangu alitangulia mlangoni. Amenizidi urefu, mgongo wangu haumwezi. Nilimshika mkono, nikaubana hadi akalalamika, na sikumwachia.