Bei ya Fundi wa Ng'ambo

Nilipofungua duka la kutengeneza kompyuta hapa Gilgil, sikujua niitishe watu pesa ngapi. Wateja walisikia bei yangu, wakacheka, wakavuka barabara kwa Wambui, fundi wa ng'ambo.

Basi nikachomoa waya ndani ya laptop yangu, nikavuta kofia hadi machoni, nikaenda kwake kama mteja wa kutoka Keringet.

"Madam, kutengeneza hii ni ngapi?"

Akaigeuza. Chini kulikuwa na stika yangu, ile mimi hubandika kila mashine, yenye namba ya simu.

"Kuna fundi ameishika hii. Wacha nimuulize alifanya nini."

Akapiga. Mfuko wangu ukaanza kuimba kwaya.

Wambui akanitazama, simu bado sikioni. "Shika tu, boss. Nikuambie bei."