Mwalimu Aliyeniita Baba

Kila Ijumaa tulisiriba sakafu ya darasa kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Jumatatu tulikaguliwa kucha. Alhamisi ilikuwa siku ya hesabu za kichwa, na aliyekosea alinyoosha kiganja akachapwa. Nimehama miji mingi tangu nilipotoka Nyangoto, lakini Alhamisi ikifika viganja bado huniwasha.

Tulipokuwa darasa la nne alikuja mwalimu mpya, Mkurya mwenzetu, akamuuliza kila mtoto kizazi chake. Kwetu kila kizazi kina jina lake; hurithiwa kwa baba, hakifuati umri. Nilipotaja changu alirudi nyuma kidogo, akainamisha macho.

"Tata," akasema.

Baba! Mtu mwenye ndevu, na mimi kaptula yangu ina viraka nyuma. Darasa zima likaangua kicheko.

Kizazi changu kilikuwa kile cha baba yake, na tangu siku hiyo hakunigusa. Kwenye kucha alinipita. Alhamisi alimuuliza wa kushoto kwangu, akamuuliza wa kulia. Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikaona kwamba sifundishwi: nikikosea hakuna anayenisahihisha, na mtihani wa kwenda shule ya kati unakaribia. Nyumbani nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba nikishindwa, narudi kwenye ng'ombe moja kwa moja.

"Baba wa mwalimu," wenzangu walinichokoza, "mwambie mwanao atupunguzie hesabu!"

Kilichonichanganya zaidi ni Jumamosi moja alipokuja kwetu kunywa pombe. Alipomwona baba yangu, ule uzito wote ukamtoka.

"Wewe mzee, hujafa tu?"

"Nife, wake zangu nimwachie nani? Wewe, mjukuu?"

Wakacheka hadi wakakohoa. Kwa kizazi, baba yangu alikuwa babu yake, na babu hutaniwa. Aliyeogopwa ni mimi niliyewaletea mirija ya kunywea.

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Baba, mwambie anichape kama wengine. Nitashindwa mtihani."

Mwalimu akatazama chungu cha pombe. "Tata, mtoto hampigi baba yake."

"Na baba akimruhusu?" aliuliza baba yangu.

Mwalimu akainamia mrija wake, akanywa.

Alhamisi iliyofuata alikuja akasimama mbele yangu. "Tata, unaniruhusu?"

Nikasema namruhusu.

"Saba mara nane."

Niliijua. Niliikariri wiki nzima nikichunga. Lakini alivyonitazama kwa heshima ile, ikanipotea.

"Hamsini na nne."

Fimbo ilishuka kwa nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Hamsini na sita, Tata," alisema taratibu. "Pole."

Hakuna aliyecheka. Nililia, na hadi leo sijui yalikuwa machozi ya maumivu, ya furaha, au ya haya ya baba aliyechapwa na mwanawe mbele za watu. Jioni nilirudisha ng'ombe nikikariri hesabu za mara tisa, maana Alhamisi nyingine angeniuliza tena.