Kiti cha Saa Kumi

Mama yangu alikuwa na wasiwasi wa kila kitu, na mimi sikuwa na huruma naye. Nalisema hili mapema ili msomaji asijisumbue kunitafutia uzuri. Baba alipofariki nilimhamishia kwangu Maisaka nikidhani namsaidia, kumbe najiletea redio isiyozimika. Pasi imezimwa? Mlango wa nyuma umefungwa? Viboko wakitoka ziwani, si watamaliza mahindi ya shamba letu la Nakwa? Barabara kubwa hakuivuka peke yake kwa kuogopa malori, na bodaboda hakupanda kabisa.

Juu ya hayo yote alikuwepo mjomba wangu wa Dareda, mdogo wake wa mwisho. Mama yao alikufa mjomba bado ananyonya, mama yangu akambeba mgongoni akamlea. Sasa mjomba alikuwa mzee mwenye presha, na mama aliogopa kwamba atakufa bila yeye kumwona. Mjomba asipopokea simu mara mbili tu, kwangu chakula hakiliki.

Nikampeleka mama hospitalini kwa mshauri wa afya ya akili, binti mdogo mwenye sauti ya chini. Alimweleza mama kwamba wasiwasi ukiachiwa mlango wazi hukaa kutwa nzima, kwa hiyo aupangie saa. Kila siku kuanzia saa kumi hadi saa kumi na nusu akae kwenye kiti kimoja, awaze yote anayotaka. Wasiwasi ukimjia kabla ya hapo, aandike neno moja kwenye daftari na aendelee na kazi zake. Kisha akaongeza jambo, nami nilikuwa nachezea simu lakini nililisikia vizuri.

"Ila kama ni jambo lenye la kufanya leo, hilo si la kiti. Lifanye muda huohuo."

Sehemu hiyo niliiacha palepale hospitalini. Haikunifaa.

Nikanunua saa ya ukutani, na chini yake nikaweka kiti cha plastiki cha bluu. Mama akifungua mdomo tu, nanyoosha kidole kwenye saa. Anafunga mdomo, sufuria ikiwa bado mkononi, anakwenda kutafuta kalamu. Shuleni ninakofundisha niliwasimulia walimu wenzangu, nikamwigiza jinsi anavyorudi kinyumenyume, tukacheka hadi chai ikapoa. Wageni wakija nilikuwa nawaambia mbele yake kwamba bibi huyu ana ofisi, inafunguliwa saa kumi. Na yeye alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu aliye ugenini.

Na dawa ile ilifanya kazi, hilo siwezi kulikana. Baada ya mwezi alikuwa analala usingizi wake wote. Saa kumi anasoma daftari, mambo mengine anayafuta mwenyewe kwa sababu yamepita bila kutokea. Nilijisifu sana.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha pili. Mama akasimama mlangoni na simu mkononi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, nami niliviona.

"Mwanangu, mjomba wako..."

Nikanyoosha kidole.

"Mwanangu, leo ni kweli..."

"Saa kumi, mama."

Akaandika. Baadaye nikasikia geti, nikadhani ameenda dukani. Aliporudi alivua viatu akaingia jikoni kuchambua maharage, na mimi nikashukuru kwa ule utulivu.

Saa kumi ilipogonga nikajimiminia chai, nikamtangazia kwamba ofisi imefunguliwa. Akakaa, akafungua daftari. Neno lilikuwa moja: barabara.

Akanieleza bila haraka. Mjomba alikuwa ameanguka alfajiri, wamekodi gari kumpeleka Arusha. Lingesimama kituo cha mafuta hapa mjini saa tano, na mjomba ameomba amwone dada yake. Alitaka nimvushe tu.

"Nilifika barabarani peke yangu," akasema. "Malori hayakuisha. Nikajiambia labda ni ule ugonjwa wangu."

Mjomba hakufika Arusha. Alikata roho njiani, Minjingu, saa saba. Msibani Dareda mke wake alinikuta nikiosha vyombo, akaniambia walisubiri nusu saa nzima, simu yao imeisha chaji, na mjomba kila mlango wa gari ukifunguliwa anauliza kama ni dada. Kutoka kwangu hadi kituo kile ni dakika kumi kwa miguu. Nimeipima njia hiyo zaidi ya mara moja.

Mama hakunilaumu kwa neno hata moja, wala hakumwambia mtu. Tuliporudi alibadilika. Sasa anavuka barabara malori yakipiga honi, anapanda bodaboda hadi Nakwa, anapalilia peke yake, na viboko hawataji. Alichokiogopa kimeshatokea, basi hana tena cha kuogopa. Mwenye wasiwasi sasa ni mimi. Naogopa kwamba ananichukia, naogopa kwamba atakufa akinichukia, na hofu hiyo inaniamsha kabla ya jogoo.

Asubuhi moja nilimkuta anatafuta jembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kama amenisamehe.

Akatazama saa ukutani. Ilikuwa saa mbili kasoro.

"Saa kumi, mwanangu."

Saa kumi nilikaa kwenye kiti cha bluu nikamngoja. Alirudi saa kumi na moja na majani ya maharage kwenye kanga, akanipita kwenda kuwasha jiko. Nikamkumbusha kwamba tuna mazungumzo.

"Muda umepita," akasema. "Kaa kesho."

Nimekaa kila siku tangu hapo, na kila siku anarudi saa kumi na moja.