Mama Mizani na Kilo Saba

Siku hizi Mama Mizani amestaafu, magoti hayamtaki, na ukimkuta barazani atakuambia bila kuulizwa kwamba dunia ilikuwa tamu zamani. Mwache aseme. Miaka ishirini na minane alizunguka mitaa ile ile kwa baiskeli, mizani ya kuning'iniza imefungwa nyuma kwa mpira, akipima watoto wachanga kwa ajili ya utafiti wa afya wa serikali. Nyumba zote alizijua: mlango wa kubishwa hodi na mlango wa kusukumwa tu, jogoo mwenye kisirani, bibi asiyekubali uondoke bila chai. Chai ile anaitamani mpaka leo.

Ila ipo siku moja hapendi kuikumbuka, na ndiyo anayoisimulia zaidi.

Alikuwa bado mgeni kazini. Aliingia kwa binti mmoja mwenye mtoto wa kwanza, aliyekuwa akiishi na mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe alikuwa na mdomo, Mungu amsamehe. Mtoto akatiwa kwenye mfuko wa mizani. Mwezi uliopita alikuwa kilo sita na nusu. Sasa mshale ukagota kwenye sita. Mama mkwe kashika kiuno mlangoni.

"Enhe, amefika ngapi? Maana wengine maziwa yao maji matupu."

Binti, asiyejua kusoma mizani, alimtazama mpimaji kwa macho ya kuomba. Mpimaji huruma ikamzidi. Akasema saba, na akaandika saba.

Jioni ile alilifungua daftari na kuitazama ile saba mara kumi. Asubuhi, ofisi haijafagiliwa, alikuwa kasimama mbele ya meza ya mkuu wa utafiti, daktari mzee asiyejua mzaha. Liwalo na liwe.

"Daktari, jana nimeandika uongo. Nilimhurumia mama wa mtoto."

"Na mtoto je, nani kamhurumia?" Mzee alivua miwani. "Binti yangu, tungekuwa wauza dawa, labda tungeandika kinachouzika. Sisi tunalipwa kwa kodi ya muuza nyanya, ya fundi cherehani, hata ya huyo mama mkwe. Wametutuma tuwaletee ukweli, basi. Mficha maradhi kilio humuumbua. Twende."

Walimkuta mtoto kifua kimembana, hata kulia hawezi. Wakamkimbiza hospitali. Siku nne mpimaji hakujua kama ameua mtoto wa watu. Siku ya tano mtoto akanyonya.

Hakufukuzwa. Ile saba aliikata kwa mstari mmoja, akaandika sita juu yake, akatia sahihi. Miaka mingi baadaye, madaftari yale ndiyo yaliyoonyesha kwamba uzito hushuka kabla hata kikohozi hakijasikika, na wizara ikaagiza kila zahanati ipime watoto bure kila mwezi. Watu hudhani mambo hayo yameota yenyewe tu.

Haya yote huyasimulia macho makavu. Machozi humtoka akifika wodini, alipokwenda kumwomba msamaha yule binti. Binti hakumkasirikia. Alimshika mkono, akamwambia taratibu:

"Siku ile nilikuwa nimeshapanga kumpeleka hospitali, dada. Uliposema saba, nikajiambia ni woga wangu tu, nikabaki naye nyumbani."