Mikono Mitupu ya Bi Mwanakuu

Saa nne asubuhi, katika nyumba ya ghorofa nyuma ya Ndia Kuu, bibi harusi amenyoosha mguu juu ya mto na Mwanakuu Athman anamchora ua la kwanza. Chumba kimejaa mashangazi na mashoga zake. Ungetarajia wamtazame Zakiya, mwenye shughuli yake. Wapi! Macho yote yako kwenye mikono ya mpaka hina mwenyewe, maana haina hina hata tone.

Mwanakuu anajua wanachotazama. Anaendelea kuminya koni yake ya hina taratibu.

Hii ndiyo mara yake ya kwanza kumpamba bibi harusi mzima, mikono na miguu, tangu mwaka jana. Yule wa mwisho hakummaliza. Vidole vilikakamaa, koni ikamponyoka, hina ikamwagikia leso mpya, na mwenzake akaitwa haraka aje kumalizia. Mwanakuu alirudi nyumbani akalia mpaka usingizi ukamchukua.

"Uchungu nimeuzoea," asema. "Sikuweza kuizoea ile aibu. Mtoto wa watu nimemwacha mkono mmoja una maua, mmoja mtupu!"

Mwanakuu, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, anaugua baridi yabisi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili igeuke na kuvishambulia viungo vya mwili huo huo. Kuna asubuhi vidole vilikuwa havikunjiki kabisa, na kikombe cha chai akashikiwa na mumewe, Abdulghafur, fundi wa saa. Kazi iliyokuwa ikimpa hadi shilingi elfu sita kwa bibi harusi mmoja ikaanza kumtoka.

Ndipo daktari wake alipomweleza habari za majaribio katika zahanati moja ya Tononoka. Wataalamu wanataka kujua kama joto, likiongezwa juu ya dawa za kawaida, laweza kulegeza vidole vya wagonjwa kama yeye. Mara tatu kwa wiki Mwanakuu huchovya mikono katika beseni la nta iliyoyeyushwa, yenye moto wa kuvumilika, kisha hufungwa taulo na kuketi. Wagonjwa wengine hupewa dawa na mazoezi peke yake, wapate kulinganishwa.

Sharti moja lilimkaa kooni. Mpaka majaribio yaishe, mikono isipakwe hina wala piko, ile rangi nyeusi, ili wekundu wa ngozi uonekane mapema na nta isimwunguze mtu.

"Nilimwambia, mwanangu Nanjala, wewe watoka bara, hujui waniomba nini," asema akicheka. Nanjala ndiye mtaalamu wa viungo anayesimamia beseni hilo. "Mke wa mtu, tena mpaka hina, nitembee mikono mitupu? Mikono hii ndiyo kibao cha duka langu!"

Alikubali, na mtaa ukapata la kusema. Mjini Kale, mjane aliye edani, akimwomboleza mumewe, hapaki hina, wala hatoki nyumbani ila kwa haja kama matibabu. Majirani walimwona Mwanakuu akikataa kazi za harusi, mikono mitupu, njia yake ni nyumbani na zahanati. Wakajumlisha wenyewe.

Jioni moja akina mama watatu walipiga hodi, nyuso zimewashuka, wamebeba sinia la mahamri ya matanga. Aliyewafungulia mlango ni Abdulghafur mwenyewe, kikoi kiunoni, mkate wa mofa mkononi.

"Karibuni," akawaambia. "Kafa nani?"

Waliliacha sinia pale pale mlangoni wakaondoka.

Mwanakuu alitaka kuacha majaribio usiku ule. Mumewe hakukubali. "Alinambia, 'Waache wanizike. Wewe enda kachovye mikono yako.'" Anapoyasema haya sauti inamlegea, naye anajivunia mume wake bila kificho.

Nanjala hataki watu wakimbilie beseni. "Mama Mwanakuu amepata nafuu, tunaiona," asema. "Lakini kama ni nta, au ni dawa aliyobadilishiwa karibuni, hatujui bado. Ndiyo maana tunajaribu. Na hakuna anayeacha dawa zake."

"Jibu likija, zuri au baya, vidole vyangu vimo," Mwanakuu asema, kifua mbele.

Kule Ndia Kuu, umebaki mkono wa kulia wa Zakiya. Mwanakuu anasita, anakunja ngumi, anaikunjua. Shangazi mmoja ananyoosha mkono aipokee koni.

"Nikusaidie, shoga?"

"La. Huyu ni wangu."

Anainama tena. Katikati ya maua ya kiganja analificha jina la bwana harusi, Fuad, kwa herufi ndogo ndogo, ili Zakiya amtafutishe bwana wake usiku wa harusi. Kisha anaiweka koni chini. Vigelegele vinapanda hadi barabarani, na Mwanakuu, bila haya, anapiga vyake.

Majaribio yataisha mwezi ujao. Siku hiyo hiyo, asema, atajipaka mwenyewe, mikono yote miwili, kazi ambayo vidole vyake havijaiweza kwa miaka miwili.

"Na jina la Abdulghafur sitalificha," asema, akivipangusa vidole vyake vilivyopinda. "Nitaliandika kubwa, mgongoni mwa mkono. Walioniletea mahamri wasome wenyewe kwamba mume wangu yu hai."